Kujiandaa Mpaka Lini?

Uvivu ni ila ijulikanayo na watu wote. Mvivu hulaumiwa na wazazi wake, hukemewa na walimu wake na huchekwa na wenzake. Na kwa kuwa aibu yake i wazi, mara nyingi hupona. Lakini upo uvivu wa namna ya pili, nao ni uvivu uliovaa mavazi ya bidii. Huu haulali kitandani. Huketi mezani na kalamu mkononi. Haukatai kazi, bali huisifu. Hausemi, “Sitaki”, husema, “Bado najiandaa.” Kwa kuwa umevaa vizuri hakuna mtu aukemeaye, na aliye nao hajui kuwa anao. Nakusudia katika kurasa hizi kuuvua mavazi yake, ili wewe, msomaji kijana, uutambue siku utakapobisha mlangoni pako. Hapana shaka utabisha, kama haujaingia tayari.

Mimi ni mwalimu wa shule ya sekondari katika Mboghoni, upande wa Taveta, na mambo nitakayoyasema nimeyaona darasani. Kila mwanzo wa muhula humwona mwanafunzi akichora ratiba ya kusoma. Amepiga mistari kwa rula. Hisabati ameiandika kwa wino mwekundu, kemia kwa wino wa kijani, na Kiswahili kwa wino wa buluu. Ataamka saa kumi ya alfajiri, atasoma mpaka jua litokapo, na usiku hatalala kabla ya saa nne. Uchoraji huo humchukua jioni tatu nzima. Akiisha kuubandika ndani ya kifuniko cha sanduku lake, huutazama kwa furaha kama mtu aliyekwisha kufaulu. Ataanza lini? Jumatatu. Jumatatu ikifika, kuna mechi ya mpira. Basi ataanza Jumatatu ijayo. Jumatatu ijayo ikifika, ratiba imekwisha kuharibika, maana wiki moja imepotea, na haifai kuanza safari kwa ratiba iliyoharibika. Hana budi kuchora nyingine. Mwisho wa muhula mmoja nilifungua daftari la kijana wa namna hiyo nikakuta ratiba nne, na hesabu alizozifanya hazikufika nne. Rangi zote za upinde wa mvua zilikuwamo. Kilichokosekana ni mvua yenyewe.

Usimcheke. Kijana huyu ana ndugu wengi, na baadhi yao wana mvi. Nenda sokoni Taveta siku ya soko, utamkuta mtu ambaye kwa miaka mitano amekuwa akitaka kufuga kuku. Anajua bei ya waya na bei ya mabati, amehudhuria mafunzo, anaweza kukueleza magonjwa ya kuku kuliko bwana mifugo. Muulize ana kuku wangapi. Utamkuta mwingine anayetaka kujifunza ushonaji, naye amekwisha kuuliza bei ya kila aina ya cherehani iliyopo baina ya hapa na Mombasa, lakini sindano ya mkono hajaitia uzi hata siku moja. Watu hawa si wajinga wala si wavivu kwa maana tuijuayo. Wamechoka sana, na uchovu wao ni wa kweli. Wamechoka kwa kuizunguka nyumba bila ya kuingia.

Na miongoni mwa ndugu hao nilikuwamo mimi. Sitakuficha, maana mwalimu anayekemea kosa alilolifanya kisha akajificha nyuma ya ubao hastahili kusikilizwa.

Nyanya yangu, mzaa mama, alizaliwa na kuzeekea kando ya mifereji ya Mboghoni. Alikisema Kitaveta cha zamani, kile ambacho sisi wajukuu tulikisikia nusu na kukisema robo. Aliyajua majina ya ndizi ambazo siku hizi hazifiki tena sokoni. Alijua mfereji gani ulichimbwa na ukoo gani, na ugomvi gani wa maji ulimalizwa kwa mbuzi gani. Alizijua nyimbo za kubembelezea watoto na nyimbo za kuwatolea watu wazima makosa yao bila ya kuwataja majina. Nilipokuwa mwanafunzi katika chuo cha ualimu, mkufunzi wetu mmoja alitutaka tuandike habari za kwetu, nami nikaazimia kuandika kitabu kidogo cha maneno ya nyanya yangu.

Nilinunua daftari kubwa lenye jalada gumu. Niliandika kichwa cha kitabu katika ukurasa wa kwanza. Nilipanga sura kumi na mbili, nikazipa nambari za kurasa, kurasa ambazo zilikuwa hazijazaliwa. Likizo ya kwanza sikumwendea kwa kazi hiyo, kwa sababu nilidhani yafaa kwanza nisome jinsi wataalamu wanavyokusanya masimulizi ya wazee. Likizo ya pili niliona kalamu haitoshi, sharti nipate chombo cha kunasia sauti. Simu yangu iliweza kunasa, lakini niliona sauti yake haikuwa safi. Likizo ya tatu nilitunga maswali. Niliyatunga sitini, nikayapanga kwa mafungu, nikayanakili kwa mwandiko mzuri. Kila nilipopita kumwamkia, nyanya aliniuliza, “Mjukuu wangu, ile kalamu yako itakuja lini?” Nami nilimjibu, “Bado kidogo, nyanya. Najiandaa.” Alicheka, akanimenyea ndizi, akasema, “Haya. Mimi nipo.”

Hakuwapo. Alifariki katika masika, na mimi nilikuwa na maswali sitini bila ya jibu hata moja. Baada ya matanga nilifungua daftari langu. Kichwa kilikuwapo, sura kumi na mbili zilikuwapo, nambari za kurasa zilikuwapo. Kilichobaki kilikuwa cheupe. Watu wema walinifariji wakasema kwamba ni majaliwa. Kifo chake kilikuwa majaliwa, nakubali. Lakini daftari tupu lilikuwa langu.

Kwa hiyo ninapoandika juu ya jambo hili siandiki kama mtu anayetoa wasia kutoka juu ya mlima. Naandika kama mtu aliyetumbukia shimoni, akatoka amechubuka, akasimama ukingoni kuwaonya wapitao. Na kwa kuwa najua kwamba kila mwenye desturi hii ana hoja za kuitetea, maana nilikuwa nazo zote, nitazitaja hoja hizo moja moja na kuzijibu.

Hoja ya kwanza hutolewa kwa methali: haraka haraka haina baraka. Kwetu Taveta wenye hoja hii wana ushahidi wa karibu, nao ni kilima cha Salaita, kionekanacho kando ya njia ya kutoka Taveta kwenda Maktau. Tarehe 12 Februari 1916, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, jeshi la Waingereza, ambalo wengi katika mashambulizi yale walikuwa askari wa Afrika Kusini waliowasili karibuni, lilikiendea kilima hicho kuwatoa Wajerumani na askari wao. Mizinga ilipiga kileleni. Kumbe mahandaki yenyewe yalikuwa chini, kwenye tako la kilima. Washambuliaji walipokelewa kwa risasi wasikotazamia, wakarudishwa nyuma siku ile ile. “Waona?” huniambia wenye hoja. “Hayo ndiyo matokeo ya kutenda kabla ya kujiandaa.”

Nawajibu hivi. Vita vile havikuwa vyetu, na Waafrika waliobebeshwa mizigo yake walikufa kwa maelfu mengi. Sivitaji kwa kuvisifu. Lakini kama twataka kujifunza kwavyo, na tujifunze kwa ukweli. Je, jeshi lile lilikosa maandalizi? La hasha! Mwaka mmoja nyuma lilikuwa limeanza kujenga reli kutoka Voi kuelekea upande huu. Lilikuwa limeleta mizinga, mahema, chakula na maji kwa miezi mingi. Lilichokosa ni kukijua kilima chenyewe. Maandalizi yake yote yaliishia mbali na Salaita, na jambo ambalo hayakuligusa ndilo lililolishinda. Tena tazama lililofuata. Mwezi wa Machi jeshi lile lilirudi, likazungukia upande wa ziwa Chala badala ya kukishambulia kilima usoni, na Wajerumani wakaiacha Salaita. Asubuhi moja mbele ya kilima ilifundisha kuliko miezi mingi kambini. Basi Salaita haimtetei ajiandaaye bila kikomo. Inamhukumu.

Na methali? Hapana asemaye kwamba zimekosea. Lakini zisome vizuri. Haraka haraka haina baraka, ndiyo. Lakini aliyeketi hakosi baraka kwa sababu ya haraka, hukosa kwa sababu ya kuketi. Pole pole ndio mwendo, ndiyo. Lakini methali yasema mwendo, haisemi kikao. Kobe huenda pole pole, naye huenda. Wahenga hao hao walisema kwamba linalowezekana leo lisingoje kesho, na kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo, na kwamba mkaa bure si sawa na mtembea bure. Mtu achaguaye methali moja katika kapu na kuzificha nyingine chini hatafuti hekima, anatafuta ruhusa.

Hoja ya pili ni ya vyombo. “Sina kitabu kizuri. Sina fedha. Sina meza. Sina mahali.” Hoja hii yataka huruma, kwa sababu umaskini si hadithi kwetu, na mtu aliyeshiba asimwambie mwenye njaa kwamba chakula hakina maana. Lakini hebu tuulize: je, kazi yako yakungojea chombo usichonacho, au yakungojea wewe ukitumie kidogo ulicho nacho?

Historia ya magazeti ya Kenya hutaja gazeti lililoitwa Taveta Chronicle miongoni mwa yale ya mwanzo kabisa. Lilianzishwa mwaka 1895 na wamisionari wa CMS, nalo lilichapishwa hapa hapa Taveta. Fikiri mwaka huo ulikuwaje. Ujenzi wa reli ya kutoka Mombasa ulikuwa haujaanza. Ulianza mwaka 1896. Nairobi ilikuwa haijawa mji. Ilianza kama kituo cha reli mwaka 1899. Mzigo wa pwani ulifika Taveta juu ya kichwa cha mpagazi. Kama watu wale wangalisema, “Tungoje reli, tungoje mji, tungoje mitambo mikubwa,” gazeti lile lisingalitokea. Si lazima ukubaliane na kila walichokiandika. Nakuomba uone tu kwamba walianza kwa mkono walio nao, mahali walipo, na mahali hapo ni petu.

Au mtazame Julius Yego, kijana wa Nandi aliyezaliwa mwaka 1989. Nchi yetu ni nchi ya wakimbiaji. Mtupa mkuki katika Kenya alikuwa kama mvuvi katika jangwa. Alipokuwa mvulana alichonga vijiti akavitupa. Alipokua, pasipo kocha wa kumfundisha, alitazama katika intaneti video za mabingwa wa nchi nyingine, kisha akatoka akaenda uwanjani kujaribu. Mwaka 2012, katika Michezo ya Olimpiki ya London, aliingia fainali. Mwezi wa Agosti 2015, katika mji wa Beijing, alitupa mkuki mita 92.72 akawa bingwa wa dunia. Mwaka uliofuata alipata medali ya fedha katika Olimpiki ya Rio de Janeiro. Nawe, msomaji wangu, una intaneti ile ile. Nimewaona wanafunzi wakitazama saa nzima video ya mtu anayeeleza namna ya kusoma vizuri, kisha wakatafuta nyingine ya mtu anayeeleza namna ya kuacha kuahirisha mambo, na kitabu kimefungwa kando yao. Tofauti baina yao na Yego haikuwa katika kutazama. Wote walitazama. Tofauti ni kwamba yeye alitazama, kisha akaondoka akaenda kutupa.

Hoja ya tatu ni ya elimu: “Sijajua vya kutosha.” Hii ni hoja ya watu wema, kwa sababu ina unyenyekevu. Lakini unyenyekevu nao waweza kuwa pango la kujifichia. Shaaban Robert, aliyezaliwa karibu na Tanga mwaka 1909, hakusoma chuo kikuu. Alisoma shule Dar es Salaam kuanzia mwaka 1922 hadi 1926, kisha akawa karani wa forodha. Kazi ya karani si kazi ya kumwachia mtu siku nzima ya kutunga. Hata hivyo alitunga, mashairi kwa nathari, mpaka alipofariki mwaka 1962 alikuwa ameiachia lugha yetu rafu nzima ya vitabu. Angaliweza kungoja shahada. Angaliweza kungoja kustaafu. Na kama angalingoja kustaafu kwa uzee asingaliandika neno, maana alikufa na miaka hamsini na mitatu. Elimu yake ya kuandika aliipata wapi? Aliipata katika kuandika. Maji usiyoyafika hujui wingi wake, wala hapana mtu aliyejifunza kuogelea katika ziwa Jipe kwa kusimama ufukoni akipima upana wake.

Hoja ya nne haisemwi kwa sauti, lakini ndiyo mama wa zile tatu. Ni hofu ya kushindwa. Hapa ndipo mzizi ulipo, na yafaa tuchimbe. Kwa nini maandalizi ni matamu? Kwa sababu shairi lisiloandikwa halina kosa la vina. Shamba lisilolimwa halina mwaka wa ukame. Mtihani usiofanywa hauna alama ya chini. Maadamu najiandaa, ndoto yangu ni kamili, na mimi ndani ya ndoto yangu ni mtu mkubwa. Nikianza tu, nitaona ukubwa wangu wa kweli, na wengine watauona. Mimi sikuwaogopa wataalamu wa masimulizi; niliogopa kwamba kitabu changu kingekuwa kibaya. Nikachagua kisiwepo. Ulikuwa uchaguzi wa ajabu: ili nisiwe na kitabu kibaya, nikawa sina kitabu, wala nyanya wa kuniambia lililo sahihi.

Dawa ya hofu hiyo si maandalizi zaidi. Tarehe 5 Juni 1977 Profesa Wangari Maathai na wenziwe walipanda miche saba katika uwanja wa Kamukunji, Nairobi. Miche saba tu! Mtu wa kujiandaa angalicheka, aseme kwamba nchi yenye vilima vilivyo uchi haiponi kwa miche saba. Tena, mingi katika ile saba haikuishi. Lakini kutokana na siku ile lilikua shirika la Green Belt, ambalo limepanda mamilioni ya miti, na mwaka 2004 mama huyo akawa mwanamke wa kwanza wa Afrika kupewa Tuzo ya Amani ya Nobel. Niambie: miche iliyokufa ilikuwa hasara? Ilikuwa karo ya shule. Anayekataa kuilipa hasomi. Mwanzo kokochi, mwisho nazi. Na asiyetaka kuonekana na kokochi mkononi hatakula nazi yake.

Sasa nisije nikaeleweka vibaya. Mimi ni mwalimu, na mwalimu anayedharau maandalizi ameikana kazi yake. Daktari asimpasue mtu kabla ya kusoma, na rubani asirushe ndege kwa kubahatisha. Panapo kosa linaloua mwingine, maandalizi ni wajibu, tena marefu. Lakini hata hao wana mwisho wa kujiandaa, na maandalizi yao huigusa kazi: daktari mwanafunzi huingizwa wodini, na rubani mwanafunzi hukalishwa penye usukani na mwalimu wake kando.

Katika chuo cha ualimu tulifundishwa kuandika andalio la somo. Andalio ni karatasi ambayo juu yake mwalimu huandika shabaha ya somo, mambo atakayofundisha, maswali atakayouliza na dakika za kila hatua. Siku ya kwanza ya mazoezi ya kufundisha niliingia darasani na andalio zuri ajabu. Dakika ya tano msichana mmoja aliyeketi nyuma aliuliza swali ambalo halikuwamo, na andalio langu lote likatawanyika kama makumbi mbele ya upepo. Nilitoka nimetoka jasho, lakini nimejifunza. Na andalio la siku ya pili lilikuwa fupi zaidi na bora zaidi, kwa kuwa sasa nilikuwa nimemsikia msichana yule. Hata hivyo andalio lile la kwanza lilinifaa, kwa sababu moja: lilikuwa na kengele. Somo lilikuwa saa tatu, na saa tatu kengele ililia, niwe tayari nisiwe tayari. Kama chuo kingaliniambia, “Ingia darasani siku utakapoona andalio lako limekamilika,” leo ningalikuwa bado chuoni, nikinakili.

Basi hiki ndicho kipimo ninachokupa. Maandalizi yenye kengele ni sehemu ya kazi. Maandalizi yasiyo na kengele ni kimbilio. Jiulize maswali mawili. La kwanza: maandalizi yangu yana mwisho unaojulikana, siku na saa? La pili: yanaigusa kazi yenyewe, au yanagusa karatasi tu? Ukijibu “la” kwa yote mawili, tupa rula yako.

Wenyeji wa Mboghoni hawahitaji kufundishwa jambo hili, kwa kuwa mifereji iliwafundisha zamani. Maji yetu hugawanywa kwa zamu. Zamu yako ikifika, maji huja, iwe mchana au usiku, iwe jembe lako lina mpini mpya au lina mpini uliopasuka. Mwenye busara hungoja penye mfereji na jembe lolote alilo nalo. Hufungua, hunywesha migomba yake, matope yakampanda mpaka magotini. Aliye nyumbani akinoa jembe lake atakuja na jembe kali sana, akute maji yamekwisha kupita kwenda shamba la jirani. Nani atamlaumu jirani? Nani atayalaumu maji? Ujana wako ni zamu, msomaji wangu. Wazee wako ni zamu. Mwalimu aliye mbele yako leo, rafiki akujuaye leo, afya uliyo nayo leo, yote ni zamu, na hakuna hata moja iliyoandika tarehe ya kuondoka kwake.

Najua utauliza nini kilitokea kwa daftari langu. Juma lililofuata matanga nilimwendea mdogo wake nyanya, bibi mwenye macho hafifu na kumbukumbu yenye matundu, nikaketi kwenye kigoda chake na penseli na daftari la zamani la mwanafunzi lililobaki kurasa chache. Sikuwa na chombo cha sauti. Yale maswali sitini sikuyachukua. Nilimwuliza tu, “Bibi, zamani mlipanda ndizi gani?” Akanitajia majina tisa. Jirani yake akayapinga mawili, wakabishana mpaka jua likatua, na ubishi ule nikauandika wote. Tangu hapo nimejaza madaftari manne. Yana makosa mengi, na mambo ambayo nyanya peke yake aliyajua hayamo wala hayatakuwamo. Lakini yapo, na mtoto wa Mboghoni atakayetaka kuyasahihisha atakuwa na kitu cha kusahihisha.

Nawe una daftari lako jeupe mahali fulani. Sijui linahusu nini: labda hisabati, labda ushonaji, labda barua ya kumwomba radhi ndugu yako. Ukifunga kitabu hiki usiende kutafuta kalamu bora. Andika mstari mmoja kwa kalamu iliyo karibu, hata kama mstari huo ni mbaya. Nafasi ya kuufuta utaipata. Nafasi ya kuuandika haina ahadi nawe.